Walimcheka Eti Anakwenda Fildi Kuchimba Vigae, Kilichomkuta Kilwa Hatakisahau

Wadau, sogeeni karibu. Leo hakuna stori ya staa aliyeachwa wala ya mtu aliyeposti gari la kukodi. Leo ni stori ya binti mmoja wa Mbagala, mwanachuo, ambaye sarafu ndogo kuliko kucha ya kidole gumba ilimkosesha usingizi usiku kucha. Jina lake halitatajwa, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Ilianza mwezi wa saba, ule msimu ambao wanachuo wanatawanyika kwenda fildi. Si mnajua grupu la WhatsApp la mashosti linavyokuwa kipindi hicho? Huyu kaweka picha yuko benki, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Yule yuko kituo cha redio, hedifoni kichwani, chini kaandika "Mungu ni mwema". Mwingine yuko ofisi ya mawakili, kazi yenyewe bado hajapewa lakini kiti kinazunguka. Ikafika zamu ya binti wetu. Akaandika: "Mimi napelekwa Kilwa Kisiwani. Wiki sita. Kuchimba."

Vicheko vilimiminika kama mvua ya masika. Mmoja akauliza, "Kuchimba nini, kisima?" Mwingine akadakia, "Shosti anaenda kutafuta mali za Mjerumani, akiokota dhahabu asitusahau." Binti naye akaweka kikaragosi cha kucheka, maana angefanya nini? Lakini simu alipoizima, machozi yalikuwa karibu.

Ukweli ni kwamba akiolojia hakuichagua. Alijaza sheria, akajaza na uhasibu, majibu yakaja akiolojia. Mwaka wa kwanza wote akiulizwa anasoma nini alikuwa anajibu "masomo ya jamii" halafu anabadilisha mada haraka. Hata mama yake hakuwa anaelewa vizuri. Mama anauza vitumbua na chai karibu na stendi, amka yake saa tisa usiku. Ana kaunta buku moja ya kwaya mbili, jalada limechakaa, humo anaandika kila anayekula kwa mkopo: jina, vitumbua vingapi, chai ngapi, tarehe. Konda akibisha, mama anafungua ukurasa, bishano linaisha hapohapo. Siku alipoambiwa mwanawe anakwenda kuchimba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimekusomesha ili uache jembe, wewe unalifuata Kilwa?"

Na njia ya mkato ilikuwepo. Anko mmoja alijitolea kumuunganisha na ofisi ya rafiki yake mjini. Angefika mara mbili tatu kwa wiki, kitabu cha fildi kingegongwa muhuri, maisha yangesonga. Wapo wanaofanya hivyo kila mwaka na wanafaulu. Binti aliwaza siku mbili. Kilichomfanya aende Kilwa, kwa maneno yake mwenyewe, haikuwa mapenzi ya akiolojia. Alichoka tu kusoma kitu asichoweza hata kukielezea. Bumu la fildi lilikuwa halijaingia, mama akakopa kwenye kikoba, akamnunulia raba ngumu na kofia pana. Alfajiri akapanda basi.

Safari ya Kilwa kutoka Dar ni kama kilomita 300. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, Somanga, halafu Nangurukuru unakata kushoto kwenda Kilwa Masoko. Pale unapanda boti, na baada ya muda mfupi kisiwa kinajitokeza, ngome ya mawe imesimama ufukweni. Hapo ndipo binti alipokunja uso. Eti mji uliotikisa bahari yote hii ndio huu? Magofu, minazi, mbuzi, watoto wanacheza mpira.

Lakini huo ndio mji wenyewe, wadau. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331 na akauhesabu kati ya miji mizuri aliyopata kuiona. Dhahabu ya kutoka bara, kupitia Sofala, ilipita mikononi mwa masultani wa Kilwa. Msikiti Mkuu wenye makuba ya mawe ya matumbawe bado umesimama. Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya mwamba, lilikuwa na bwawa la pembe nane wakati ambao miji mingi ya leo haikuwepo hata kwenye ndoto. Wareno wakaja 1505, wakaupora. Tangu 1981 Kilwa Kisiwani na jirani yake Songo Mnara wako kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mtoto wa Mbagala anayeishi kandokando ya barabara inayoitwa Kilwa Road hakuwahi kujiuliza hiyo Kilwa ni nini.

Sasa, kama unadhani kuchimba ni kama kwenye muvi, mtu kavaa kofia ya ngozi anakimbizwa na jiwe kubwa, futa hiyo picha. Siku mbili za kwanza hakuna aliyegusa udongo. Kazi ilikuwa kamba, misumari, futikamba na pima maji. Wanapima mraba, wanapima kona, kona ikikosea kidogo wanang'oa wanaanza upya. Kuna msumari mmoja ulipigwa mahali palipo imara, ukaambiwa ndio mama wa misumari yote: kina cha kila kitu kitakachotoka ardhini kitapimwa kutokea hapo. Jua linachoma, mgongo unauma, na mhadhiri wao, mama mmoja mpole wa sauti lakini mkali wa macho, anarudia maneno yaleyale: "Kuchimba ni kuharibu. Kitabu ukikisoma vibaya unakirudia. Shimo ukilichimba vibaya, basi."

Siku ya tatu wakapewa miko. Ndiyo, mwiko huuhuu wa fundi wa plasta, ila mdogo wenye ncha. Binti akaushika kama kijiko cha ubwabwa, akaanza kuchokoa. Pembeni palikuwa na mzee mmoja wa palepale kisiwani, kila mtu anamwita Fundi. Shule yake ni darasa la saba, lakini amefanya kazi na wachimbaji wa kila aina tangu ujana wake. Akamtazama binti, akatikisa kichwa.

"Shikamoo Fundi," binti akamsalimia kwa aibu.

"Marahaba mwanangu. Wewe unachimba muhogo. Hapa hatuchimbi muhogo."

Akamwonyesha. Mwiko unalazwa, unakwangua kwa ubavu, unauvuta kwako, tabaka jembamba kama unaondoa ukoko wa wali bila kutoboa sufuria. Tena akamwambia asitumie macho peke yake. "Sikiliza mwiko. Udongo laini hausemi kitu. Ukifika kwenye chokaa, utalia." Binti alidhani mzee anatania. Siku ya tano mwiko wake ulitoa sauti kavu, krr, akaacha kukwangua, akapiga brashi. Chini yake kulikuwa na sakafu ya chokaa, nyeupe, laini, ya nyumba ya mtu aliyekufa mamia ya miaka iliyopita. Alikaa chini ya shimo bila kusema neno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aanze chuo kuona kwamba anachosoma kipo kweli.

Kuanzia hapo kazi ikamwingia. Udongo wote unaotoka unapita kwenye chekeche, ndoo kwa ndoo. Kwenye chekeche ndiko kunabaki vitu vidogo: miba ya samaki, magamba ya konokono wa baharini, shanga za kioo ndogo kama mbegu ya ufuta, vigae vya vyungu. Akajifunza kutofautisha. Kigae chenye masizi kwa nje kilipika chakula. Kigae cha kijani kinachong'aa kilisafiri na meli kutoka Uchina. Kile cha mviringo chenye tundu katikati si pambo, ni kitu cha kusokotea nyuzi za pamba. Mchana wanachimba, jioni wanakaa kivulini na mabeseni wanasugua vigae kwa miswaki. Akaposti picha ya mswaki na kigae, mashosti wakamuuliza kama anaosha meno ya mababu.

Wanakijiji nao walikuwa na yao. Kila anayepita anachungulia shimo na kuuliza kwa sauti ya chini, "Mmeipata?" Huku kwetu nani asiyejua stori za rupia na masanduku ya Mjerumani? Bibi mmoja muuza mihogo ya kukaanga aliwaangalia wakipakia mifuko ya vigae na mifupa, akacheka mpaka akafuta machozi. "Wajukuu zangu, mnaosha takataka?" Akachukua kigae kimoja cha ukingo, akakigeuza, akasema hilo si chungu, ni kaango, la kukaangia samaki, yeye mwenyewe analo. Mhadhiri akaomba waandike maneno ya bibi kwenye daftari. Binti akajifunza kwamba mtu wa kumuuliza kuhusu vyungu ni anayepika.

Na kila kitu kilikuwa na karatasi. Hapo ndipo palipomchosha zaidi. Mfuko mmoja wa vigae unaandikiwa jina la eneo, namba ya shimo, namba ya tabaka, kina, tarehe na herufi za jina la aliyechimba. Unaandika nje kwa maka peni, unaweka na kikaratasi ndani, maana wino wa nje unafutika. Kitu cha pekee, kama shanga au sarafu, hakiguswi. Unakiacha palepale, unaita, kinapimwa kutoka kona mbili, kinapimwa kina, kinapigwa picha na kijiti cha vipimo na mshale wa kaskazini, ndipo kinanyanyuliwa. Binti alikuwa anaona ni mbwembwe. Si kitu kimeshaonekana? Kichukue, weka mfukoni, tuendelee.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, kama saa nne asubuhi, akawa kwenye kona ya shimo ambako ile sakafu ya chokaa ilikuwa imevunjika. Upande mmoja sakafu ipo, upande mwingine kuna tundu na udongo mweusi. Akakwangua, kikaonekana kiduara cha kijani. Akakipuliza. Sarafu. Ya shaba. Sarafu ya Kilwa yenyewe, zile walizosoma darasani, zenye maandishi ya Kiarabu pande mbili: upande mmoja jina la sultani, upande mwingine kumsifu Mungu, na pande zote mbili zina vina kama shairi.

Wadau, hebu kuwa mkweli. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Binti aliinyanyua. Hakufikiria chochote. Mhadhiri alikuwa shimo la pili, mwenzake aliyekuwa naye alikuwa ameinama na spika za masikioni. Akapanda juu, akaenda kivulini chini ya mwembe ambako mwanga ni mzuri, akaiweka sarafu kiganjani, akajipiga selfi nne. Akachagua moja. Akaanza hata kuandika maneno ya kuweka chini: "Mliouliza nachimba nini, jibu hili hapa." Dakika saba, si zaidi.

Aliporudi, shimo halikuwa lile aliloliacha. Mwenzake alikuwa amesafisha kona yote kwa ajili ya picha ya mchana. Udongo ulikuwa umeshakwenda kwenye chekeche. Ile sehemu haikuwepo tena. Binti akajaribu kukumbuka: ilikuwa juu ya ukingo wa sakafu au chini yake? Kwenye udongo mweusi au ule wa kijivu? Akili ilikuwa tupu. Alichokumbuka ni rangi ya kijani na furaha.

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaisokomeza sarafu chini ya mdomo wa ile sakafu iliyovunjika, mahali palipokaa vizuri, akanyunyizia udongo juu, akapumua, kisha akaita, "Madam! Njoo uone!"

Ikawa sherehe. Walipima, wakapiga picha, wakaandika: chini ya sakafu. Mhadhiri, yule mama asiyecheka hovyo, siku hiyo alicheka. Jioni baada ya chakula akawakusanya akawaeleza maana yake. Sarafu ikiwa chini ya sakafu ambayo haijavunjwa, basi ilidondoka kabla sakafu haijamwagwa. Wakilisoma jina la sultani maabara, watajua nyumba ile haikujengwa kabla ya sultani huyo. Ikiwa juu ya sakafu ni habari nyingine kabisa, maana mtu anaweza kudondosha sarafu ya zamani miaka mia mbili baadaye. "Umbali wa sentimita tano tu," akasema, "unatenganisha karne mbili. Na huyu binti ametupa hizo sentimita tano." Wenzake wakampigia makofi.

Makofi yale yalimchoma kuliko kicheko cha lile grupu.

Usiku akawa anageuka tu kwenye godoro. Nani amejua? Hakuna. Nani ataumia? Hakuna aliye hai. Akitaja, anaweza kufelishwa fildi, na fildi ina alama, na mama ana deni la kikoba. Akinyamaza, jina lake linaingia kwenye ripoti. Akafungua simu kuangalia zile selfi, labda nyuma yake kunaonekana ukuta wa shimo apate kukumbuka. Picha zote nne zilionyesha uso wake, sarafu, na majani ya mwembe. Shimo halikuonekana hata kidogo.

Alfajiri akaenda kwenye chekeche mapema. Fundi alikuwa ameshafika, anakunywa chai ya rangi. Binti akamsalimia, akakaa. Mzee akanyamaza muda mrefu, halafu akasema bila kumtazama: "Shaba ikilala ardhini miaka mingi, udongo ulioilalia nao unageuka kijani. Ukiinyanyua, alama inabaki. Ile senti yako jana haikuacha alama."

Binti akahisi tumbo limeingia baridi. "Fundi, umemwambia Madam?"

"Nimwambie nini? Mimi sikuona. Aliyeona ni wewe."

Akamaliza chai, akaenda zake kuchota maji.

Binti alimfuata mhadhiri kabla wengine hawajaamka. Alisema yote, mwembe, selfi, mdomo wa sakafu, yote, sauti inatetemeka. Mhadhiri hakufoka. Binti anasema ingekuwa afadhali angefoka. Alikaa kimya, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaenda akaleta daftari kubwa la shimo, akalifungua kwenye ukurasa wa jana, akampa kalamu. "Usifute ulichoandika. Kata mstari mmoja ili kisomeke, kisha andika chini yake ilivyokuwa. Weka tarehe ya leo na sahihi yako."

Binti akaandika kwa mkono wake kwamba sarafu ilitolewa kabla ya kupimwa, ikarudishwa mahali pasipo pake, na tabaka lake halijulikani. Sentensi moja. Anasema hajawahi kuandika kitu kigumu kama kile, hata mtihani wa hesabu wa kidato cha nne.

Halafu mhadhiri akamsimulia. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu chache mchangani kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Akaziweka kwenye kopo, zikakaa humo miaka. Mwaka 1979 akazipeleka zitambuliwe, na kati ya sarafu tisa, tano zilikuwa za Kilwa. Ndiyo, Kilwa hii hii, zimeokotwa Australia! Zilifikaje? Kuna wanaosema mabaharia, kuna wanaosema meli iliyozama, kila mtu na lake, na mabishano hayajaisha, kwa sababu ziliokotwa tu mchangani bila tabaka wala kitu cha kuzungumza kwa niaba yao. Lakini sarafu moja ya Kilwa iliyopatikana Great Zimbabwe, ndani kabisa ya bara, imesaidia kuonyesha uhusiano wa wenye dhahabu na wenye meli, kwa kuwa palipopatikana panajulikana.

"Sarafu tunazo nyingi," mhadhiri akamwambia. "Tulichokuwa tunakihitaji ni mahali ilipokuwa. Hicho ndicho kimepotea. Sarafu imebaki kuwa kipande cha shaba tu."

Adhabu alipata. Siku tano hakushika mwiko, alikaa kwenye chekeche na mabeseni, na wenzake walijua. Wapo waliomwona mjinga kwa kusema. Mmoja alimwambia wazi, "Ungekausha tu, si tulishapiga makofi?" Binti hakuwa na jibu.

Lakini wiki ya tano likatokea jambo. Aliyekuwa anaandika daftari la shimo aliugua, akavushwa kwenda Masoko hospitali. Mhadhiri akatazama kundi zima, akamkabidhi binti daftari. Wengine wakaguna. Mhadhiri akasema tu, "Huyu ameshajua bei yake," akaondoka.

Wiki mbili za mwisho binti ndiye aliyepima kila kitu. Akachora kuta za shimo kwenye karatasi ya mraba, tabaka kwa tabaka, sentimita moja ya karatasi ni sentimita kumi za ukuta. Siku ya mwisho wakarudisha udongo wote shimoni, maana shimo halihamwi likiwa wazi, mvua na wajanja wataharibu kilichobaki. Alipomwaga koleo la mwisho, ile nyumba ikarudi kulala. Kilichobaki juu ya ardhi ni daftari, michoro, picha na mifuko yenye majina. Hapo ndipo alipoielewa ile sentensi ya siku ya kwanza.

Kwa wale mnaosoma kozi hii au mnaoifikiria, haya ndiyo aliyorudi nayo kutoka Kilwa:

1. Kukwangua kwa ubavu wa mwiko, kwa subira, na kuacha kukwangua pale udongo unapobadilika rangi, ugumu au sauti.

2. Kupima. Futikamba, pima maji, timazi na kamba vinafanya kazi hata bando likiisha na chaji ikikata.

3. Kuandika papo hapo. Ukisema "nitaandika jioni", jioni utaandika hadithi.

4. Kuuliza wenyeji kwa adabu. Fundi wa darasa la saba na bibi wa mihogo walimfundisha yasiyokuwa kwenye kitini chochote.

5. Kutoposti mahali kitu kilipotoka. Kuchimba mambo ya kale bila leseni ni kosa tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na picha moja yenye eneo inaweza kuleta watafuta rupia na sururu zao usiku.

Na kwa wanaouliza kazi ziko wapi: makumbusho, mambo ya kale, utalii, halafu kuna miradi mikubwa ya reli, barabara na mabomba, ambayo mara nyingi huhitaji watu wa kukagua ardhi kabla tingatinga halijapita. Huko wanatafuta mtu anayejua kupima na kuandika anachokiona, hata kama hakimfurahishi bosi.

Matokeo ya fildi yalipotoka, binti alipata B. Wenzake wengi walipata A. Anko akasema, "Unaona? Ungekuja ofisini kwa rafiki yangu ungepata A bila jasho." Labda ni kweli.

Alipofika nyumbani, alimkuta mama anahesabu madeni ya siku. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamsimulia kuhusu sakafu, mifuko, vikaratasi vya ndani na nje, na akamsimulia pia ile sarafu. Mama akasikiliza huku kidole kimebaki kwenye mstari. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo hiyo hela mliyoikuta haijulikani ni ya nani wala ya siku gani?"

"Ndiyo mama."

Mama akagonga kaunta buku yake kwa kalamu. "Mimi deni lisilo na jina wala tarehe nalihesabu hasara, hata kama nakumbuka kuna mtu alikula. Kumbe wanakufundisha daftari. Mbona hukusema siku zote?"

Kuanzia siku hiyo mama akiulizwa mwanawe anasoma nini, hasemi tena "masomo ya jamii". Anasema, "Anaandika madeni ya watu wa kale." Konda wanacheka, mama hacheki.

Zile selfi nne binti hakuziposti hata moja. Tatu alizifuta. Moja bado iko kwenye simu yake, na anasema akiiangalia anaangalia kile kisichoonekana nyuma ya bega lake.

Haya, wadau, tuwe wakweli hapa. Hakuna aliyekuona, makofi umeshapigiwa, na alama zako ziko hatarini. Ungesema au ungekausha? Dondosheni maoni hapo chini, na kama una shosti yuko fildi, mtumie hii asome kabla hajatoa simu mfukoni.